Kurasa Nne za Maalim Hashil

Samir, mpiga kinanda wa hoteli ya Kendwa, alikuwa na nywele zilizolala kwa mafuta, kishkwambi kipya, na uongo wa kwanza aliutoa hata kabla hajaulizwa.

“Hii nimeipata kwa wazee, afande. Nimeisikia kwa masikio yangu, nkaihifadhi kichwani.”

Inspekta Shaame Kificho alivuta kiti cha plastiki akakaa kitako mbele ya jukwaa. Ilikuwa asubuhi. Wageni wengine walikuwa majini, wengine bado vitandani, na ukumbi ulinuka sabuni ya sakafu.

“Wazee gani?”

“Wa mjini.”

“Hawana majina hao wazee wa mjini?”

Samir akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

“Basi nipigie,” alisema Inspekta, na Samir akaanza kupiga.

Shaame hakuwa msomi wa muziki. Kwao Jongowe, kisiwani Tumbatu, ala pekee iliyokuwamo nyumbani ni redio ya babake, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma utadhani kitoto kichanga. Lakini bashrafu hii aliijua. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, redio ilikuwa ikipiga bashrafu, ule muziki wa kufungulia taarab usio na mwimbaji, na hii ya Maalim Hashil ndiyo iliyokuwa ikimfanya mamake auweke chini ungo wa mchele. Mamake hakuwa mwanamke wa kuweka kazi chini kwa jambo la kipuuzi. Angeupata wapi leo ungo ule, na mikono iliyoushika? Shaame alimkumbuka mamake pale pale mbele ya kinanda cha hoteli.

Hata hivyo kuna kitu kilikuwa hakijakaa sawa. Kila kipande alikitambua, lakini muziki wote kwa jumla ulimponyoka. Ilikuwa kama kuingia nyumba uliyoizoea kwa kupitia mlango wa jikoni. Akaliweka hilo akilini, akaendelea kumtazama mpigaji.

“Huo mkono wa kushoto, kila baada ya muda unagusa kishkwambi. Unafanya nini?”

“Nageuza ukurasa, afande.”

“Muziki ulio kichwani mwako una kurasa?”

Samir aliviondoa vidole kwenye kinanda.

Kisa kilichomtoa Inspekta mjini kilikuwa hiki. Bi Hamda wa Mkunazini, mjane wa Maalim Hashil anayeishi na binti yao Reem, alifungua kasha lake akakuta kijitabu cha noti za muziki za marehemu mumewe hakimo. Kilichapwa Misri, Maalim alipokuwa kijana masomoni huko, na ndicho kilichokuwa kimebaki peke yake. Nakala nyingine zilishapotea, mkanda wa redio uliliwa na unyevu, na wote waliowahi kuipiga bashrafu ile wametangulia mbele ya haki. Haukupita muda, mtu akaja na habari kwamba inapigwa Kendwa, wazungu wanaisikiliza huku wanakula kamba.

Bi Hamda hakuwa na haja ya mpelelezi kumtafutia mwizi. Alikuwa naye tayari: Munir, mpiga fidla wa Klabu ya Nujumu, aliyekuwa akimwendea mara kwa mara kumwomba kijitabu kile akitie kwenye kompyuta ya klabu. Kamati ya klabu ilikuwa ikutane siku hiyo hiyo baada ya Alasiri kumfuta uanachama. Na mpiga fidla aliyefutwa kwa wizi hana pa kupiga tena katika mji ule, si kwenye klabu nyingine wala harusini. Ataitundika fidla yake ukutani aitazame.

“Nani kakupa?” Inspekta aliuliza.

“Mjomba wangu,” Samir alisema, safari hii bila madaha. “Abdulwahid, mwenye duka la fotokopi Darajani. Ana programu kwenye kompyuta. Unaskani karatasi za noti zilizochapwa, inazisoma, halafu inakutolea noti unazoweza kuzibadilisha na kuzisikiliza. Kuna mteja alimletea hii kazi. Mjomba akanitumia nimtazamie kama imetoka vizuri. Nkaipenda. Wageni nao wanaipenda, maana inaanza kwa kuchangamka.”

“Inaanza kwa kuchangamka,” Inspekta alirudia. Mamake hakuwa akichangamka. Mamake alikuwa akinyamaza. “Nichapie. Zote.”

*

Duka la Abdulwahid lilikuwa na joto la mashine na harufu ya wino. Mwenyewe, mtu mzima mwenye kofia ya viua na miwani iliyofungwa uzi, hakuona kosa lolote.

“Mteja alikuwa mwanamke,” alisema. “Kavaa nikabu, sikumuona uso. Kaja na kijitabu kikuukuu, kakizongea kitambaa. Nkataka kukipokea, kakataa. Kasema karatasi zitapasuka. Kila ukurasa kauweka mwenyewe juu ya kioo, mie kazi yangu kubonyeza tu. Kisha nkamtilia kwenye simu yake, akaweza kusikiliza.”

“Alisema nini aliposikia?”

Abdulwahid akafikiri. “Hakusema kitu. Alikaa pale kwenye benchi. Nshahudumia watu wengine mpaka wakaondoka, yeye bado kaiweka simu sikioni.”

Inspekta alitoka nje akasimama kivulini. Mwanamke mwenye nikabu. Munir alikuwa ameoa karibuni, na mkewe, Maryam, alivaa nikabu. Ikiwa kijana alitaka kuskani kijitabu cha wizi bila kuonekana kwenye mashine ya klabu, angemtuma nani kama si mke? Wazo hilo lilikaa vizuri, na Shaame hakulipenda kwa sababu lilikaa vizuri mno. Akampigia simu askari wa Kizimkazi, kwao Maryam, kisha akaelekea klabuni kwa miguu.

*

Klabu ya Nujumu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ngazi yake ilikuwa na vidato vilivyochakaa katikati kwa miguu ya watu waliokwishakufa. Ukutani walipangwa kwa picha, na kofia zao za tarbushi na fidla zao mapajani. Chini yao, mbele ya kompyuta, alikaa Munir. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anafanya kazi.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Wanakufuta leo, nawe unawafanyia kazi?”

“Hizi karatasi hazijanikosea kitu.”

Pembeni palikuwa na rundo la noti za zamani, kingo zimeliwa na wadudu, na mashine ya kuskani imefunuliwa. Inspekta alimuuliza mkewe yuko wapi. Munir akajibu kwamba yuko Kizimkazi anamuuguza mamake tangu Idi. Alijibu moja kwa moja, na kabla hajamaliza simu ya Inspekta ikalia. Askari wa Kizimkazi alikuwa amesimama na mama mgonjwa mwenyewe, na Maryam yuko jikoni anapika uji. Hajatoka kijijini tangu Idi, na kijitabu kilipotea baada ya Idi.

Basi lile lililokaa vizuri likaanguka. Inspekta alizitandaza karatasi za Samir mezani.

“Nisomee hizi. Usinifiche kitu, hata kama kitakuumiza.”

Munir aliinama. Kidole chake kilipita mstari kwa mstari, na uso wake ukaanza kukunjamana.

“Hii haijapitiwa na mtu anayejua noti. Programu hii, afande, imefundishwa muziki wa Ulaya. Sisi tuna zile sauti zetu za katikati, hazishuki moja kwa moja wala hazikai juu. Alama yake ni ile ya kushusha sauti, iliyokatwa kwa kistari. Mashine ikikiona kile kistari inadhani ni uchafu, inakifuta. Kila karatasi nnayoskani, nnakaa nnavirejesha kimoja kimoja. Hapa hakijarejeshwa hata kimoja.”

“Mwizi hodari angeacha kuvirejesha makusudi.”

“Angeweza,” Munir alisema, na Inspekta akampenda kwa hilo. “Kuna na hivi. Kwenye mwisho wa kila ukurasa, isipokuwa mmoja, noti moja imetiwa nukta ya kurefusha. Ukiihesabu, mapigo yanazidi. Maalim asingeandika hivyo. Labda madoa.”

Alichukua fidla yake, akapiga mistari ya mwanzo, akaacha ghafla. Alizirudia karatasi kwa haraka, ya kwanza, ya mwisho, tena ya kwanza.

“Muziki huu umeanza mwisho.”

“Sema taratibu.”

“Alama ya mapigo huandikwa mara moja, mwanzo wa kazi. Hapa ipo karatasi ya nne. Na hii mistari miwili, mwembamba na mnene, maana yake tumemaliza. Ipo karatasi ya kwanza. Bashrafu ina vipande vinne, na Mmisri kakichapa kila kimoja ukurasa wake, ndo maana Samir hakugundua. Kila kipande kimetimia peke yake. Kwani wewe hukuona?”

“Mie niliona mlango wa jikoni,” Inspekta alisema, na hakufafanua. “Kijitabu chenyewe umewahi kukiona?”

“Mara moja. Bi Hamda alinionesha, hakunipa. Jalada lina Kiarabu, jina la Maalim na la bashrafu, upande wa kulia kama vitabu vyote vya kule. Lakini noti hazigeuki kwa ajili ya lugha. Noti duniani kote zinaanza kushoto. Kwa hiyo hicho kijitabu unakianza upande usio na jalada la maandishi. Anayejua noti hakosei.”

“Kurasa hazina namba?”

“Sikuziona.”

Shaame alikwenda dirishani. Chini, mtu alikuwa akisukuma vespa iliyogoma. Alijiona mwenyewe mtoto katika chuo cha Kurani cha Jongowe, juzuu mapajani, anafungua kutoka kulia, na fimbo ya maalim iko karibu. Mkono ukishazoeshwa hivyo utotoni, ukiona jalada la Kiarabu hauulizi. Akampigia Abdulwahid.

“Yule mteja wako, kitabu alikianza upande gani?”

“Kulia, afande. Kwani si kitabu cha Kiarabu?”

Inspekta alikata simu. Kwa maelezo ya Bi Hamda, waliojua kijitabu kilipokaa walikuwa watatu tu. Munir alijua noti. Bi Hamda hakuzijua, lakini ujana wake wote alikaa ubavuni mwa mumewe jukwaani akimgeuzia kurasa. Picha yao ilikuwa pale pale ukutani, yeye na nywele zilizofungwa mtindo wa zamani, mkono tayari kwenye karatasi. Hawa wawili wangeanza kushoto hata gizani. Alibaki mmoja.

“Kaa hapa,” alimwambia Munir. “Usiende popote, na usiifungie hiyo fidla.”

*

Reem binti Hashil alikuwa akisomesha chuo ukumbini kwao, chini, na alipomuona Inspekta mlangoni aliwaruhusu watoto kabla ya wakati. Walitoka mbio. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, na nikabu yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

“Mama yuko juu,” alisema. “Nikuitie?”

“Ntapanda baadaye. Kwanza nataka kukuuliza kuhusu ufunguo wa kasha.”

“Mama anaufunga kwenye pindo la kanga.”

“Na nani anamsuka nywele mpaka akasinzia?”

Reem aliketi juu ya mkeka, kati ya mabao ya kuandikia. Hakulia, wala hakuapa kwamba hajui. Alizinyoosha juzuu zilizotawanyika mpaka zikakaa sawa, ndipo akasema.

“Umejuaje?”

“Kitabu ulikianza upande wa kulia.”

Hakuelewa, na Inspekta hakumharakisha.

“Baba kafa nami nnanyonya,” Reem alisema. “Watu wote wa mji huu wananambia babako alikuwa hivi, babako alikuwa vile, ukimsikia unasahau njaa. Muuza samaki kamsikia. Wewe pengine umemsikia.”

“Nimemsikia.”

“Unaona? Mie mtoto wake sijamsikia, napata akili mkanda wa redio ushaliwa na unyevu. Mama hataki kijitabu kitoke. Kisha nkasikia kuna programu inasoma noti ikazipiga. Nkasema ntakichukua siku moja tu, nimsikie, nikirudishe kabla mama hajajua. Siku ile ile akafungua kasha.”

“Na Munir?”

Aliinamisha kichwa. “Nlidhani hamtamkuta na kitu, mtamwacha. Kila siku nasema kesho ntamwambia mama. Naona haya, afande. Naona haya mpaka nashindwa kusali vizuri.”

“Kamati inakaa baada ya Alasiri. Hiyo kesho yako imeshaisha.”

Kijitabu kilikuwa kwenye mkoba wake wa chuoni, ndani ya kitambaa cheupe. Walipanda ngazi, yeye mbele.

Bi Hamda alikuwa kitandani, kitanda cha samadari chenye vioo, mto mgongoni. Uzee ulikuwa umemwachia macho makali. Inspekta alimwamkia, akaitikiwa, akabaki amesimama karibu na mlango. Reem alipiga magoti, akakiweka kitambaa kile mapajani mwa mamake.

“Nimekichukua mwenyewe, mama. Munir hajui kitu.”

Bibi alikifunua, akakipapasa, akakifunika tena.

“Ungeniomba.”

“Nliomba. Tangu nna akili zangu nakuomba.”

“Uliomba,” Bi Hamda alikubali. Aligeukia dirisha. “Mtu mwengine akiipiga, nami nikakaa nikasikiliza, maana yake nshakubali kuwa yeye harudi. Ndo ilivyokuwa. Mjinga mimi. Huyo mtoto alikuja kwa adabu, nami nikamtia doa mji mzima.” Kisha, bila kumtazama mwanawe: “Hebu nisikie hicho ulichokisikia.”

Reem alitoa simu. Sauti ilitoka nyembamba, ya mashine, isiyo na pumzi ya mtu, na ikaanza kwa kuchangamka. Bibi alisikiliza, midomo imekaza. Mwisho wa kipande kimoja noti ikavutwa kupita kiasi, na yeye akainua kidole.

“Hapo hapavutwi. Hiyo ni nukta yangu ya penseli. Nliitia kila ukurasa isipokuwa wa mwisho, nijue lini nigeuze, kwa sababu nlikuwa namtazama yeye nasahau.”

Inspekta aliyakumbuka madoa ya Munir.

“Zima,” Bi Hamda alisema. “Babako haanzi hapo. Hapo ndo anapomalizia, watu washasimama vitini.”

Reem aliizima simu. Kwa mara ya kwanza uso wake ulivunjika.

“Nimeisikiliza kila siku, mama. Nalala nayo sikioni. Kwa hiyo bado sijamsikia?”

Bibi alikifunua tena kijitabu, kilichokuwa kimelala jalada juu, akakipindua, akakifungua kutoka kushoto. Halafu akaanza kuimba kwa sauti ya puani, polepole, sauti kavu ambayo ilikuwa haijatumiwa miaka mingi, na zile sauti za katikati ambazo mashine ilizifuta zilikuwamo zote. Ndivyo bashrafu ilivyoanza: fidla peke yake, taratibu, kabla ya ala nyingine kuingia. Shaame aliuona ungo ukiwekwa chini. Aliitazama sakafu mpaka macho yalipotulia.

Bi Hamda alikoma mwisho wa ukurasa, kwenye nukta.

“Inspekta.”

“Naam, Bibi.”

“Nenda kwa hao wanakamati, wambie mkutano wao ni hapa kwangu, nataka wasikie kwa mdomo wangu kuwa nimemsingizia mtoto wa watu. Kisha niitie Munir, kama atakubali kukanyaga nyumba hii. Mwambie aje na fidla yake.” Alimshika mwanawe bega, akamvuta akae karibu naye kitandani. “Kurasa ntamgeuzia mwenyewe.”